Mimea ya Kumwekea Bunju

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikipita Nsambya hunirudia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimerudi kutoka Dubai na diploma yangu ya ufugaji wa samaki wa mapambo, na sikuona mtu Kampala nzima wa kunifundisha kitu. Nisikufiche, hata sasa ni wachache. Nilianza huko kwa kuosha sakafu ya duka la samaki, nikasoma jioni baada ya kazi, na nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa matangi yote. Duka hili la Kawempe ulimoingia leo kuniuliza ni mimea gani inamfaa bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, nimelijenga mwenyewe kuanzia msingi. Kwa hiyo ukinisikia nakiri kosa, sikiliza vizuri, sina mengi ya kukiri.

Alikuwepo mzee mmoja, Afande Okello, sajini mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini aliyekaa Nsambya. Mkewe alikuwa amepooza upande mmoja, na kutwa alikaa kwenye kiti mbele ya tangi la kioo walilonunuliwa na mtoto wao. Ndani mlikuwa na samaki mmoja tu, bunju wa kijani mwenye madoa meusi, jina lake Kapteni. Bunju ana akili, mwanangu. Kila asubuhi alipomwona mama yule akisogezwa, alikuja kwenye kioo na kucheza pale mpaka alishwe. Majirani walikuwa wakiuliza ataliwa lini. Mama, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, alikuwa na jibu moja: "Ukimla huyu, yeye ndiye anakuzika."

Afande aliniita niweke mimea, maana tangi lilikuwa mawe matupu. Maji ya bunju wa aina ile si matamu kama ya ziwani wala si makali kama ya baharini, yako katikati. Hilo nililijua. Nilipima chumvi kwa chombo changu, nikaandika kwenye daftari, nikajiona daktari. Kisha nikaenda kwenye kinamasi cha Lubigi, nikang'oa majani laini mazuri kando ya mtaro, nikayaosha kwa maji ya bomba na kuyapanda siku hiyohiyo. Lilipendeza kweli. Nilimwambia Afande kwamba hata Dubai hawana tangi kama lile.

Siku ya nne alinipigia simu. Nilikuta majani yamelegea kama mboga ya dodo iliyopitiliza jikoni, maji yana ukungu, na Kapteni amelala chini, tumbo limegeuka jeusi, anahema. Mama alinitazama, akasema taratibu, "Kapteni hajaja leo."

"Hii majani umetoa wapi?" Afande akauliza.

"Lubigi, Afande. Lakini niliyaosha."

"Lubigi pale chini ya mashamba, penye wanapuliza dawa?"

"Niliyaosha mara tatu."

"Na dawa ilikubali kutoka?"

Nikaanza kumweleza nilichosoma. Alinikatiza bila kupandisha sauti.

"Bwana Diploma, mimi nimelinda geti miaka mingi. Mgeni akifika kambini, hata kama ni ndugu ya kamanda, anakaa kwata gadi kwanza, pale kwa walinzi wa geti. Tunauliza ametoka wapi, tunamwangalia. Wewe umepeleka wageni moja kwa moja mpaka kitandani kwa Kapteni. Sasa vua hiyo saa yako ya Dubai, ingiza mkono, toa hizo vitu."

Nikavua saa. Kama dawa ya shamba ilikuwemo, sikuwahi kujua. Nilichokijua ni kwamba majani ya maji matamu yalikuwa yameuawa na chumvi, yakaoza, na uozo ule ndio uliokuwa ukimnyonga samaki. Nilitoa kila jani, kisha nikabadilisha maji kidogo kidogo, kwa maji mapya yenye chumvi ileile, kutwa nzima na kesho yake. Mama hakuondoka pale kitini. Siku ya tatu Kapteni alipanda, akaja kwenye kioo, akapokea konokono na kumvunja kwa meno. Mama akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, nami nikatoka nje nijifanye natafuta ndoo.

Ndoo yenyewe niliitafuta kweli, nikaiweka mlangoni, na humo ndimo mimea iliyofuata ilimokaa kwanza.

Sasa shika haya, mwanangu. Bunju anaonja kila kitu, kwa hiyo mpe jani gumu: kangaga wa Java, au anubia. Yote mawili huvumilia chumvi kidogo. Usiifukie mizizi yake minene mchangani, yafunge kwa uzi kwenye jiwe. Ukiwa na tangi refu, chukua mche wa mkoko, mizizi majini na majani hewani. Nunua kwa mtu anayeotesha mwenyewe na anayekujibu ukimuuliza dawa aliyotumia. Kisha weka mimea kwenye ndoo wiki mbili, kila siku uongeze kikombe cha maji ya tangi, na jani linalotaka kufa lifie humo. Chumvi iwe ile ya matangi ya samaki wa baharini, si ya jikoni. Na bunju akikua ukimwongezea chumvi, toa kangaga na anubia mapema, mwachie mkoko. Vyeti sikukatazi, changu kipo ukutani pale na ninakipenda. Ila kabla hujaweka kitu kwenye tangi la mtu, tazama kwanza ni nani anakaa mbele ya kioo.

Nenda salama. Mungu akupe mkono usio na haraka, maji yako yawe safi, na yule anayekungoja nyumbani asikose wa kumlaki asubuhi.