Sare Kumi na Tisa Mezani kwa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi. Ndiye aliyewakusanya wanawake wa soko kudai choo, wakakaa mlangoni kwa diwani siku tatu hadi kikajengwa. Chama kilipoona hivyo kikawameza: wakapewa kadi, jina refu la umoja wao, na mwenyekiti mwanamume.

Mwaka huu akataka udiwani. Kwetu chama hakitumii karatasi za kura kumteua mgombea wake. Wagombea wanasimama uwanjani, anayekutaka anapanga foleni nyuma yako. Mpinzani wake alikuwa shemeji ya mwenyekiti, mama anayekuja sokoni kwa dharau tu.

Kabla ya siku hiyo mwenyekiti alimletea shangazi vitambaa ashone sare za tawi zima la chama. Shangazi akafanya wanavyofanya mafundi wote: akaanza na wateja wakali, wenzake wa sokoni akawaweka mwisho.

"Hao ni watu wangu, watanivumilia," alisema.

Siku ya foleni, sare zao kumi na tisa zilikuwa bado vipande mezani.

Nilikwenda kutazama. Nyuma ya shangazi walisimama ishirini na saba, nyuma ya shemeji ishirini na wawili. Mwenyekiti akahesabu kwa macho, akashika kipaza sauti.

"Asiye na sare si mjumbe. Atoke!"

"Hiyo kanuni iko ukurasa gani?" nikauliza, maana kwenye kitabu chetu cha uraia sijaiona.

"Mtoto wa shule, ukurasa ni mimi!"

Wakacheka. Shangazi akabaki na wanane. Waliomshinda walivaa sare alizoshona yeye, zimewakaa vizuri mno.

Kesho yake mwenyekiti akaja kibandani.

"Dada, usinune. Malizia zile kumi na tisa, tuna mkutano wa hadhara."

"Uwavalishe uliowafukuza?"

"Wajaze uwanja."

Shangazi akamtupia vipande kifuani. "Shona mwenyewe!"

"Na wewe utagombea kwa chama gani?"

Hilo ndilo lililomchoma. Sheria haimpokei mgombea asiye na chama. Fomu inataka muhuri, na muhuri unakaa mfukoni mwa yule bwana. Jioni wale kumi na tisa walikuja kurudisha kadi zao za chama, wakazirundika juu ya cherehani. Hakuna aliyezichukua.

Nilimwuliza mwalimu wa uraia watu kama hawa wanawakilishwa na nani. Akasema swali hilo halimo kwenye mtihani.