Fensi ya Upande wa Nyuma

Juzi nilikuwa Malaba kwa mambo ya mipaka ya shamba la marehemu baba. Kando ya barabara, kabla hujafika kwenye msururu wa malori, kuna kijana anauza miche ya maua. Nikasimama kupumzisha goti tu. Akaniinulia mche wenye maua madogo, manjano katikati na mekundu pembeni, akaniambia, "Mama, hii ukipanda mbele ya nyumba inashikana vizuri, hata kuku hapiti." Nikamwambia naijua. Akadhani nataka bei ipungue, akaanza kuishusha mwenyewe bila kuulizwa. Niliondoka pale na hasira ambayo yule mtoto wa watu hakustahili, na sijaimaliza hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia.

Nyumba yetu ilikuwa kule chini, kati ya reli na mto, mahali ambapo sasa matrela yanaegeshwa. Nazungumzia ile miaka ya kwanza ya Uhuru, mimi nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu saba. Tulikuwa na nyumba mbili za udongo, moja ya baba na mama, moja ya nyanya mzaa baba. Kulikuwa na ghala la wimbi na kipande cha pamba, na kuzunguka yote hayo, fensi ya mmea ule ule wa yule kijana. Ilimshinda baba urefu, na unene wake ulitosha mtu mzima kujilaza ndani asionekane. Ukivunja jani, harufu inawasha pua. Sisi watoto tulikuwa tumetoboa vyumba humo: hapa jikoni, hapa sebuleni, hapa duka. Tulikula vitunda vyake vyeusi mpaka ulimi unageuka rangi. Asubuhi ungesikia nyanya akisaga wimbi kwenye jiwe, ndege wakigombana ndani ya fensi, na treni ikipiga honi kabla ya kuvuka daraja kwenda Tororo. Adhuhuri ingenukia atapa, ule ugali wetu wa wimbi na muhogo, pamoja na kunde zilizotiwa karanga. Nikiulizwa peponi kunanukiaje, nitajibu hivyo, nisione haya.

Juu, ng'ambo ya reli, kulikuwa na kota za serikali. Huko waliishi makarani wa forodha na watu wa reli, katika nyumba za mawe zenye waya wa kuzuia wadudu madirishani. Majani yalifyekwa mpaka ukaona udongo. Aliyekuwa akiyafyeka ni baba yangu. Yeye na wenzake wawili waliandikwa kazi kuhakikisha hakuna kichaka karibu na nyumba yoyote ya kota. Alifyeka tangu asubuhi mpaka saa kumi, akarudi mgongo umekufa ganzi, akakaa kwenye kigoda akiitazama fensi yake mwenyewe ikirefuka. Mama alimtania, "Hiyo slasha yako inajua nyumba za wenyewe tu." Baba alicheka. Siku hizo bado alikuwa anacheka.

Mbung'o walikuwepo, na hakuna aliyeshangaa. Ukienda mtoni kuteka maji, nzi wa kijivu anakaa mgongoni, anakuuma kupitia nguo, unampiga, anaruka kama hujamfanya kitu. Tulidhani ni usumbufu tu, hadi Bwana Afya alipokuja sokoni na kuita watu. Alisema malale, ugonjwa unaoletwa na nzi hao, imeingia kutoka upande wa ziwani, na kwamba nzi hao wanapumzika kwenye kivuli cha fensi zetu hizi za nyumbani. Kila mtu akate fensi yake yote mpaka chini, na yeye atapita kukagua boma moja moja. Watu walinung'unika. Mtu akate fensi, aishi mbele ya barabara akitazamwa na kila dereva?

Sasa lazima nikueleze habari za upande wa nyuma. Huko ndiko nyanya alikotengeneza busaa, pombe ya wimbi. Aliwauzia mataniboi wa malori na madereva waliokuwa wanasubiri karatasi zao zitoke forodhani, na leseni hakuwa nayo. Mitungi ilikaa kwenye kivuli cha fensi, askari akipita njiani haoni kitu. Usidhani ilikuwa anasa. Mshahara wa baba ulikuwa wa chumvi na mafuta ya taa, na karo yetu sote wawili ilitoka kwenye ile mitungi. Fensi ikianguka, na shule inaanguka. Hilo nilijua hata kwa umri wangu ule.

Baba akapanga hivi: aanze na upande wa mbele, unaoonekana, halafu wa nyuma ataukata Jumapili, nyanya akishapata pa kuhamishia mitungi. Jioni mbili alizokuwa na nguvu alikata mbele yote, ikawa wazi hata ukitema mate yanaonekana barabarani. Kesho yake nyanya alikaa ndani siku nzima. Alisema anajihisi amevuliwa nguo.

Bwana Afya alikuja Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa kota, mama shambani. Nyanya aliiona baiskeli ikiwa bado mbali, akanishika bega. "Akiuliza huko nyuma, mwambie ni choo. Halafu nyamaza." Akaenda nyuma kuifunika mitungi kwa magunia.

Bwana Afya alikuwa mtu mpole, kaptura ya kaki na soksi ndefu, daftari mkononi. Aliangalia mbele, akasifu kazi ya baba. Akaniuliza, "Na kule nyuma kukoje, msichana?"

"Kule ni choo tu," nikasema. Kisha nikaongeza, na hili nyanya hakunituma: "Nyanya yumo ndani."

Wewe unazijua mila zetu. Mwanamume hawezi kuelekea mahali mwanamke mzee amekwenda kujisaidia, hata awe na cheo gani. Bwana Afya aliinamisha macho, akaandika, akaniambia nimsalimie baba, akapanda baiskeli yake. Nyanya alitoka nyuma akicheka bila sauti, akanipa karanga za kukaanga gao zima. Alisema nina akili ya mtu mzima. Nilizila polepole, nikijiona nimeokoa boma letu.

Baba aliporudi aliuliza kama Bwana Afya alifika. Nyanya akamjibu, "Alifika, akaandika, akaenda." Baba akasema basi wameridhika. Jumapili ile ile aliyokuwa akate fensi, alilala mchana kutwa, na hakuna aliyemlaumu kwa kulala.

Kivuli cha mbele kilipoondoka, nzi wote walihamia nyuma. Sisi pia tulihamia nyuma. Tulitoboa vyumba vipya huko, tena vizuri kuliko vya kwanza. Alikuwa anakuja pia binti wa karani wa forodha, wa rika langu, akitoroka Jumamosi kwa sababu kwao hakukuwa na hata kichaka cha kujifichia. Mdogo wangu alikuwa mwenye duka. Binti karani alinunua udongo, akalipa kwa majani.

Ilianza na uvimbe shingoni mwa mdogo wangu, mwekundu, wa moto. Halafu homa. Mama alinunua vidonge dukani, nyanya akachemsha majani yake, homa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Tukasema ni malaria, kwani nani hakuwa na malaria? Kisha akaanza kusinzia. Alilala na tonge mkononi, mchuzi ukimtiririka hadi kiwikoni. Alilala kwenye jua, kuku wakimdonolea chakula chake. Mama aliwaambia watu mtoto anarefuka, watoto wakirefuka hulala sana.

Shuleni, darasa la kwanza na la tatu tulikuwa chumba kimoja. Mwalimu wetu hakuwa mtu katili, nataka ulijue hilo, lakini aliamini usingizi darasani ni ukaidi. Alimchapa mdogo wangu viboko viwili miguuni, akamuuliza, "Usiku unalinda mali ya nani, mzee?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Alichapwa tena siku iliyofuata, na nyingine. Kufikia wiki ya pili alikuwa halii akichapwa, anafungua macho tu, anayafunga.

Siku moja binti karani naye akalaza kichwa kwenye dawati. Mwalimu alimwendea, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, akaandika barua, akamtuma mtu mbio hadi kota. Kabla ya saa sita Landrova ilikuwa imesimama uwanjani, na mtoto anabebwa kwenye blanketi. Nilisimama mlangoni nikiangalia vumbi lake. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu sakafuni, amelala, alama za fimbo miguuni. Wala sikuunganisha mambo hayo mawili. Nani angeniunganishia?

Walimpima binti karani damu, wakaona malale. Bwana Afya akawauliza wazazi wake mtoto alikuwa anacheza wapi, na mtoto akasema kweli.

Safari hii Bwana Afya hakuuliza mtu. Alipita katikati ya boma letu, akaenda moja kwa moja nyuma, mimi na nyanya tukimfuata. Alisimama mbele ya ile fensi yote, mitungi mitano chini yake, na mbung'o wakitua kwenye mgongo wa shati lake. Akageuka, akanitazama mimi.

"Hapa ndipo choo?"

Nyanya alikuwa ameshika tama. Ile mitungi Bwana Afya hakuitaja hata mara moja. Alimwona mdogo wangu amelala kwenye gunia kando ya jiwe la kusagia, akapiga magoti, akafungua kope zake kwa kidole, akamgusa shingo pande zote mbili. Kisha akamuuliza nyanya, kwa sauti ya chini sana, "Mama, huyu ana muda gani hivi?" Nyanya akasema mwezi, au umepita kidogo. Bwana Afya akavua mkanda wake, akamfunga mtoto mgongoni mwake kwa kanga ya nyanya na ule mkanda, akaenda naye kwa baiskeli hospitali. Mama alitoka shambani akiwafuata mbio, pamba bado kwenye nywele.

Walimchoma sindano ya mgongo, wakakuta ugonjwa umeshaingia kichwani. Dawa walimpa, kama walivyompa binti karani, ila yeye aliipata siku ya pili na mdogo wangu aliipata baada ya mwezi na viboko. Alikaa huko wiki tatu. Mama alirudi naye juu ya lori la pamba, amemfunga kwenye shuka, na hakutaka mtu ampokee. Alishuka naye mwenyewe.

Binti karani alipona. Alirudi darasani na utepe mpya kichwani, akaniletea mkate wenye siagi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na hakuwa amenikosea lolote. Mkate niliula.

Kwenye mazishi ya mdogo wangu Bwana Afya alikuja, akanyoosha mkono kwa baba. Baba hakuupokea. Alisema mbele ya watu wote, "Siku ile ungeenda nyuma, ungenilazimisha, ningekata. Ni kazi yangu kukata. Ulikuja, ukasimama barabarani, ukaandika." Watu wakaguna. Bwana Afya alinitafuta kwa macho nikiwa kati ya wanawake, akanipata. Nilingoja aseme.

"Kweli, mzee," akamwambia baba. "Sikuenda."

Jioni hiyo baba aliikata fensi ya nyuma akiwa bado na koti la mazishi. Hakupumzika hata kunywa maji. Nyanya alikaa akitazama mitungi yake ikibaki wazi mbele ya dunia, na hakuna askari aliyekuja, na hata wangekuja isingekuwa kitu. Hakupika pombe tena. Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani, kwa kuwa karo haikuwepo, na Bwana Afya alikuwa ameshahamishwa. Mara moja tu nyanya aliniambia, tukichambua kunde, "Wewe ulitumwa." Maneno ya "nyanya yumo ndani" nilijua ni yangu, naye alijua.

Leo huko hakuna mbung'o, hakuna fensi, hakuna jiwe la kusagia. Kota zimeezuliwa mabati na popo wanalala ndani. Mahali mdogo wangu alipozikwa niliwaonyesha wale wapima mashamba juzi, kati ya tairi mbili za trela, na nikaona hawaniamini.

Baba aliugua muda mrefu kabla ya kufa. Mwishoni alikuwa akirudia jambo moja, macho kwenye dari. "Yule Bwana Afya. Angetembea hatua ishirini tu." Alikuwa amemchukia mtu huyo miaka yote hiyo, na chuki ile ilikuwa imemzeesha. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, mkono wake kwenye wangu, na nyumbani hakuna mwingine. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamvutia blanketi kifuani, nikamwambia, "Ndiyo, baba."