Mafuta Mekundu Chini ya Gari

Sikuombi uniamini kwa maneno matupu. Pita kwetu Nyalukemba, yeyote utakayemkuta atakufungulia lango, uangalie saruji pale ninapoegesha gari. Doa liko palepale. Nimelisugua kwa sabuni, kwa mazuti (dizeli, wengine husema), kwa mchanga, na mimi nikianza kusugua kitu huwa siachi. Halitoki.

Gari lenyewe ni la zamani, usukani uko kulia, limepita mikononi mwa watu nisiowajua. Tulilinunua kwa sababu moja tu. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, alikuwa na mimba, amekaribia kujifungua, na mtoto wake wa kwanza alimpoteza akiwa na uchungu, amesimama barabarani anangoja taksi. Nikaapa kwamba safari hii gari litakuwa nyumbani, na litawaka.

Halikukaa siku nyingi, nikaona tone jekundu chini yake. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ufundi nimejifunza mwenyewe kwa video za simu. Nilijua kwamba mafuta ya injini huwa meusi au kahawia; mekundu ni ya giaboksi, sisi tunaiita buati. Buati ikikauka, injini inanguruma lakini gari halisogei. Usiku sikulala. Nilikuwa namwona Yaya amekwama kwenye mlima, na mimi ninakanyaga bure.

Nikaweka katoni chini ya gari. Nikaosha vyuma vyote kwa mazuti, nikavikausha, nikanyunyiza poda, ileile ambayo Yaya alikuwa amemnunulia mtoto, ili mahali panapovuja pajionyeshe kwa kulowa. Poda ikabaki nyeupe kila upande. Katoni ikalowa. Nikapima buati: imejaa. Hebu niambie wewe, gari linavujaje bila kupungua?

Yaya alinicheka kutoka dirishani. "Docteur, mugonjwa anasemaka nini leo?"

"Anaficha."

"Na nani anapika sombe? Mawese inanuka mupaka huku."

Hakuna aliyekuwa anapika majani ya muhogo, wala chochote cha mawese. Sikutilia maanani, mwenye mimba hunusa mengi.

Alasiri moja nikaamua kulipasha gari moto barabarani, kwa sababu kuna uvujaji unaojitokeza tu chuma kikiwa cha moto. Nikaelekea Kavumu. Ukungu ulishuka, na mvua ya rasharasha. Karibu na njia inayokwenda Lwiro nikasimama pembeni, nikatandika mfuko, nikajilaza chini ya gari na tochi ya simu. Nikaliona tone. Lilikuwa linaning'inia kwenye chuma kikavu, chenye poda nyeupe pande zote. Halikutoka popote.

Halafu nikaona miguu upande wa pili. Mitupu, ya mwanamke, na upindo wa kikwembe. Mvua inanyesha, lakini ile miguu ilikuwa na vumbi.

"Mutoto, unatafuta nini kule chini?"

"Natafuta mafuta inatokea wapi, maman."

"Hata mie natafuta mafuta yangu."

Nikacheka, kwa woga. Hata pale sikuweza kuacha kumrekebisha mtu. "Hii haiko ya kula, maman. Iko ya buati."

Mkono ukashuka. Kidole kikalikinga tone, kikapanda. Nikasikia analamba.

"Onja."

Kwa nini nililikinga tone lililofuata, nikaonja? Sijui mpaka leo. Yalikuwa mawese.

"Niliipandisha mu hii gari," akasema, "na mie nikapanda. Nilikuwa naenda kwa mutoto wangu. Ameisha zaa?"

Hapa ndipo nilipokosea. Kichwani mwangu kulikuwa na mwenye mimba mmoja tu. Nikajibu bila kufikiri: "Bado, maman."

"Njo kusema sijachelewa. Twende."

Nikatoka chini ya gari mbio. Hakukuwa na mtu. Upande ule tope lilikuwa laini, halina alama ya mguu hata moja. Kwenye mshikio wa mlango wa nyuma palikuwa na alama ya kidole, nyekundu, bado mbichi.

Niliendesha mpaka nyumbani bila kutazama kioo. Nilikwisha amua: Yaya hapandi gari hili kamwe. Lakini nilimkuta langoni, ameegemea ukuta, mfuko wa mtoto miguuni.

"Ulikuwa wapi, weye? Maji imeisha mwangika!"

Mvua ilikuwa imekuwa kubwa. Taksi hakuna. Ungefanya nini? Nilifungua mlango wa nyuma, ule ule, nikamsaidia kupanda, tukaelekea hospitali. Njia yote sikugeuza shingo. Nilimsikia akilia, kisha akitulia, kana kwamba kuna mtu anambembeleza. Gari halikusita hata kwenye mlima.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Nilipoingia kumwona, Yaya akaniuliza: "Ule maman uliyemubeba, alienda wapi? Alinishika mukono njia yote. Lakini alikuwa ananiita jina ya mutu mwengine."

Baada ya hapo katoni ilikauka, nikadhani imekwisha. Mke wa jirani alipoanza kuonyesha tumbo, ikalowa tena. Nimesimama kando ya gari nikasema kwa sauti, "Maman, mutoto wako alizaa zamani." Bure. Na kusema kweli sijui kama alizaa, wala kama alizaa salama. Nimewauliza walioniuzia, nao hawajui waliolimiliki kabla yao.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la mkono wa pili, usiishie kwenye injini. Ukiona tone jekundu, nusa kabla hujafungua buati. Na mtu usiyemjua akikuuliza njiani kama mtoto wake amezaa, muulize kwanza: mtoto yupi, maman? Mimi sikuuliza. Nilimwambia bado, na yeye bado anangoja.