Pofu Tuliyemfundisha Kutoogopa

Juzi nilipita mbele ya duka la vyakula vya mifugo na kukuta gunia limepasuka kando ya mlango. Pumba zilizochanganywa na molasi zilikuwa zimemwagika hadi kwenye lami, na jua lilikuwa limeanza kuzipasha moto. Harufu ile, tamu na nzito kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria, ilinisimamisha katikati ya njia. Mama mmoja nyuma yangu aliniambia kwa Kizulu nitembee au nimpishe. Nikampisha. Nikaegemea ukuta nikihema kana kwamba nimetoka kukimbia.

Nitakuambia kwa nini, ila univumilie. Kisa hiki nimekiandika na kukifuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu kila nikikisoma naona kuna mahali sijapaweka sawa. Safari hii nakiacha kama kitakavyotoka.

Mwaka 2017 tulikuwa tunakaa mtaa wa Rosettenville, chumba cha nyuma katika ua wa bibi mmoja Mreno. Mama alisuka nywele mle chumbani, na Jumamosi wateja walijaa hadi mlangoni, kwa hiyo hapakuwa na nafasi yangu wala mtu wa kuniangalia. Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu, alifanya kazi upande wa pili wa mji, ukishaupita mtaa wa mabanda wa Diepsloot, katika shamba la wanyama wa porini. Alilala huko wiki nzima na kurudi nyumbani Jumamosi jioni. Basi kila Jumamosi asubuhi nilikabidhiwa kwa Anko Bakari, mtu wa Tanga aliyepeleka chakula cha mifugo mashambani kwa baki yake, gari dogo la mizigo lililokuwa na kutu kila mahali isipokuwa kwenye honi. Nilikaa mbele kati ya vifurushi vilivyokosa nafasi nyuma, na nguo zangu zote za umri ule zilinuka molasi.

Usije ukadhani shamba lile lilikuwa mbuga. Ukipanda juu ya tangi la maji uliuona uzio pande zote, na ng'ambo ya uzio moshi wa Diepsloot ukining'inia juu ya mabati asubuhi za baridi. Wanyama walizaliwa humo na kulishwa humo. Majani yakishageuka njano, walikuja wageni kutoka nchi za mbali kuwapiga risasi kwa starehe, kisha vichwa vikapakiwa kupelekwa kwao kutundikwa ukutani. Hilo nililijua kama mtoto wa mchinjaji anavyolijua. Lilikuwa jambo la wanyama wengine. Shefu alikuwa wetu.

Shefu alikuwa pofu dume, yule swala mkubwa kuliko swala wote. Mama yake alinasa kwenye uzio akafa, na Papa akamlea ndama yule kwa chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira. Alipokuwa mkubwa alimzidi urefu ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona. Ngozi ilimning'inia shingoni kama shali, pembe zilikuwa zimesokotwa moja kwa moja juu, na alipotembea magoti yake yalilia tak, tak, tak, kama mtu anayealisha vidole. Ulimsikia kabla hujamwona. Lakini kwa wakati ninaousimulia alikuwa ameshaachishwa chupa zamani, amejiunga na pofu wengine, na ameanza kutukimbia. Papa akitokea na ndoo, wenzake wote walibaki mbali wakitazama, na Shefu alisimama katikati yao, mguu mmoja juu, bila uamuzi. Kisha naye akageuka akaenda zake kwenye miiba.

Mwanzoni mwa majira ya baridi mwenye shamba alimwambia Papa kwamba kuna mgeni anakuja na anataka pofu dume mwenye pembe nzuri. Hakutaja jina, maana kwake wanyama hawakuwa na majina, ila wenye pembe za namna ile hawakuwa wengi.

Papa alizaliwa karibu na Moba, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na baba yake alikuwa mwindaji. Nilikuwa nimesikia habari za babu huyo tangu nikiwa mgongoni: jinsi alivyofuata nyayo hadi viatu vikaisha, jinsi alivyolala juu ya miti, jinsi alivyoweza kurudi mikono mitupu na bado akaitwa fundi. Kwa hiyo Papa aliposema hakuna haja ya kuhofu, nilimwamini. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia, Anko Bakari akiwa amelala chini ya gari lake akifunga kitu kwa waya.

"Mutu hawezi kupiga nyama yenye iko inakula ku mukono," Papa alisema. "Hawezi. Atapata haya. Mwindaji anashindana na nyama yenye inakimbia. Hii yenye inakuya yenyewe, ni mutoto ya nyumba."

"Lakini Shefu anatukimbia," nikasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo tutamurudisha."

Sauti ya Anko Bakari ilitoka chini ya gari. "Baba Furaha, na huyo mzungu je? Naye mmeshamfuga?"

"Wewe funga waya yako."

"Nauliza tu, bwana. Maana naona shule mmemfungulia mmoja."

Papa alicheka, nami nikacheka. Huo ndio ulikuwa mpango wetu wote: kumfanya Shefu awe mpole kiasi kwamba mgeni yeyote mwenye macho angeona aibu kuinua bunduki.

Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta daftari hadi karatasi inatoboka. Kazi hii niliipokea kama nimetumwa na mbingu. Papa alinifundisha kusimama kwa ubavu, nisimkabili mnyama kifua kwa kifua. Kufungua kiganja chote, vidole visijikunje. Kumtazama miguu, nisimtazame macho. Nilivaa sweta lilelile jekundu kila Jumamosi, na Mama alipotaka kulifua na sabuni ya maua nililia mpaka akalisuuza kwa maji matupu. Nyumbani nilijizoeza kutembea polepole kutoka kitandani hadi mlangoni, kiganja mbele, nikinong'ona.

"Unatembea sawa mwizi," Mama alisema, mdomo umejaa nywele za bandia. Mteja wake akageuza shingo. "Mama Furaha, huyu mtoto mnampeleka kanisani kweli?"

Jumamosi ya kwanza Shefu alisimama mbali akapiga chafya. Ile iliyofuata alisogea. Kuna siku nilikohoa, akaruka juu kama chura pamoja na ukubwa wake wote, na usiku ule sikupata usingizi kwa hasira juu ya koo langu mwenyewe. Papa, kwa upande wake, alifanya hivyohivyo kila siku nisipokuwepo, akiita kwa maneno yaleyale: "Shefu, kuya kula." Mwishowe ikafika asubuhi moja, umande umeganda mweupe juu ya majani, nikasikia tak, tak, tak nyuma yangu, na pumzi ya moto ikanipiga shingoni. Alikula kiganjani mwangu. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama msasa. Aliniachia ute hadi kwenye kiwiko, na sikunawa mpaka Mama aliponilazimisha.

Toka siku ile hakumkimbia mtu tena. Alimfuata hata Anko Bakari, ambaye alipanda nyuma ya baki yake akapiga kelele, "Astaghfirullah, mwambieni mimi sina kitu!"

Mgeni alikuja siku ya Jumamosi. Nilitarajia jitu lenye ndevu, nikakuta mzee mpole mwenye goti bovu, aliyevaa kofia mpya bado ina mkunjo wa dukani. Alinipa peremende. Aliniuliza naitwa nani, na alipoambiwa maana ya jina langu alisema ni zuri sana. Nilikaa kwenye baki na Anko Bakari, madirisha wazi. Papa alikwenda mbele na ndoo, kwa hiari yake; alikuwa amemwomba mwenye shamba aende yeye. Alitaka mgeni aone.

"Shefu, kuya kula."

Akatoka kwenye miiba. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuja moja kwa moja, bila wasiwasi, akapita karibu na mgeni, akaingiza pua katika mkono wa Papa. Papa akageuka kumtazama yule mzee, na akatabasamu. Sijawahi kuona tena tabasamu lile usoni kwake. Lilikuwa tabasamu la mtu anayemtambulisha ndugu yake kwa wageni.

Mzee alishusha bunduki. Niliushika mkono wa Anko Bakari nikaufinya kwa nguvu zangu zote. Tumeweza, nilifikiri. Tumeweza.

Alikuwa ameishusha ili aseme kitu sikioni kwa mwenye shamba. Mwenye shamba akamwambia Papa asogee pembeni, yuko njiani. Papa hakusogea. Akaambiwa tena, kwa sauti ileile, kama mtu anavyoombwa kupisha mlangoni. Papa akatembea kuelekea pembeni, na Shefu akamfuata. Akasimama, Shefu naye akasimama. Mgeni akacheka kidogo, bila ubaya.

"Eish, iache ndoo hapo," mwenye shamba alisema. "Weka chini, uje huku."

Papa alitazama ndoo. Alimtazama yule mzee usoni, kwa muda mrefu, kama anayesubiri kitu kilichochelewa njiani. Kisha akaiweka chini.

Anko Bakari alinifunika macho kwa kiganja kilichonuka grisi, kwa hiyo nilichobaki nacho ni mlio, na kanga walioruka wakipiga kelele, na pale mkono ulipoondolewa, Shefu akiwa amepiga magoti ya mbele kama ng'ombe anayetaka kulala.

Walimfuta damu puani. Walimgeuza kichwa na kukiegemeza juu ya jiwe, wakang'oa majani yaliyokuwa mbele yake. Aliyepiga picha alilala chini kabisa, ili uzio usionekane nyuma. Ndoo iliondolewa. Papa pia aliombwa aondoke kwenye picha. Baadaye mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mfuata nyayo hodari. Akiwa kando ya moto akichoma nyama na wenzake, tulimsikia akisimulia kwamba dume lile lilitoka kwenye miiba likamjia yeye moja kwa moja. Neno kwa neno, ilikuwa kweli.

Njiani kurudi, baki ikawa inasimama kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani. Tulipofika mjini nikauliza, "Papa, kwa nini hakupata haya?"

Papa alikuwa akitazama viatu vyake. "Sijui," akasema. "Pengine hatukufanya muzuri."

Hakujua ananiambia mimi nini. Nililala na maneno yale kwa miaka. Nilipitia kila Jumamosi, kikohozi changu, vidole vyangu vilivyojikunja kwa baridi, siku niliyovaa kofia na kumshtua. Niliamini kwa moyo wote kwamba Shefu alikufa kwa sababu sikumfuga vizuri vya kutosha. Nilikuwa karibu kumaliza shule siku nilipokuwa nikiosha vyombo na wazo likanijia kwa upande wa pili: alikuwa anatukimbia. Alikuwa ameshajifunza kukimbia, na mzee mwenye goti bovu asingemfuata kwenye miiba ile. Upole tuliomfundisha ndio uliomleta karibu na bunduki. Tulikuwa tumefanya vizuri mno. Nilikaa chini sakafuni, sponji mkononi.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo nimelielewa mwaka jana tu, shangazi yangu alipokuja kutoka Moba.

Jioni ile ya mgeni tulirudi na nyama. Mwenye shamba alikuwa ametupa paja zima, limefungwa kwenye mfuko mweusi. Mama aliipika kwa nyanya na pilipili, akasonga bukari, ugali wa kwao, akatandika. Papa alinawa mikono, akakaa, akalitazama bakuli. Kisha akalisukuma polepole hadi katikati ya mkeka, akatoka akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwetu.

"Papa Furaha, kula," Mama alimwambia. "Nyama haina kosa."

Siku zote nyama ile ilipokuwepo ndani alikula mkate mkavu. Mama alidhani ni homa, akamwombea. Mimi nilidhani ni huzuni.

Nilipomsimulia shangazi, aliacha kuchambua mboga. Akasema kwao mtu akiua kwa njia ya aibu, labda mnyama aliyefungwa, au aliyemwendea mwenyewe, hakuna anayemgombeza. Watu wanakataa tu kula nyama anayowagawia. Nyumba hii inarudisha bakuli, na ile inarudisha, mpaka nyama inanuka uani kwake, na yeye mwenyewe anaanza kuzunguka akiuliza nimekosa nini. "Haya haitoki ndani ya mutu," shangazi alisema. "Tunamupelekea."

Papa alikuwa amesubiri haya itoke machoni mwa yule mzee, na haikutoka. Basi akafanya kilichobaki. Pale kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, Rosettenville, alikuwa anarudisha bakuli, kijiji kizima katika mtu mmoja, kwa mwindaji ambaye angepanda ndege arudi kwao na asingejua kamwe kwamba amekataliwa. Ilihitaji tukatae sote ili ifanane hata kidogo na kwao. Mama hakujua. Mimi nilikuwa na njaa, na ilikuwa nyama tamu kuliko yoyote niliyowahi kula. Niliomba niongezewe, nikapewa bakuli la Papa.