Mrija Kwenye Pindo la Kitenge

Wanawake wengi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hufunga hela kwenye pindo la kitenge. Godeberthe, mkulima wa maharage aliyetoka Burundi, alifunga mrija.

Mjukuu wake Alida alizaliwa na njia ya hewa nyembamba. Akivuta pumzi, kifua kilibonyea na koo likalia kama filimbi. Huko Mbarara madaktari walimtoboa shingo chini ya koromeo, wakatia mrija wa kupumulia mpaka akue, wapate kuipanua njia yenyewe. Nesi alimfundisha bibi kufyonza makohozi na kubadilisha mrija. "Mama, hii ikiziba na wewe nachelewa, mtoto nakufa," alimwambia kwa Kiswahili cha kuombea maji. Godeberthe alirudia somo lile kama anayesali rozari. Tangu hapo mrija wa akiba, ndani ya mfuko wake safi, haukumtoka kiunoni, hata shambani.

Siku ya harusi moja kanisani, Mariette, jirani yao Mkongo, alimvika Alida gauni, kisha akamfunga kitambaa shingoni ili tundu lisionekane. Mtoto mwenye mrija hana sauti ya kulia. Godeberthe alikuwa akiimba kwaya alipoona vidole vya Alida vikikwaruza shingo. Wimbo aliuacha hapohapo.

Alirarua kitambaa. Mrija ulikuwa umeziba. Aliuchomoa, akafungua pindo, akatia ule mpya, huku midomo yake ikimwita Bikira Maria. Hewa ikapita. Rangi ikamrudia mtoto.

"Nilifunika tu, mama, bageni basicheke," Mariette alilia.

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume! Mungu amemfungulia mtoto mlango, wewe unaweka pazia?"

"Basi na mie unifundishe."

"Kesho uje. Na hicho kitambaa chako kafungie sufuria."

Mariette alikuja, akajifunza, na Godeberthe akafunga mrija mwingine wa akiba pindoni.

Baadaye Alida alipasuliwa tena Mbarara, njia ikapanuliwa, mrija ukaondolewa. Sauti ilitoka nzito, ya mikwaruzo, na bibi akaisifu kijiji kizima.

Mwaka huu Bwana alimwita Godeberthe. Wanawe walipotoa kitenge chake wamvike, walikuta pindo bado limefungwa, na mrija ndani.

"Msiufungue," Alida alisema. "Aende nao."

Kisha alisimama mbele ya jeneza, shingo wazi, kovu likionekana na kila mtu, akaanzisha wimbo ambao bibi yake hakuumaliza siku ile ya harusi.