Rangi ya Mafuta

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Singida mjini, nasubiri kupimiwa misumari, akaingia mama mmoja na kikapu chake. Muuzaji akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, akasema anataka rangi ya makabati mawili, la jikoni na la bafuni.

"La bafuni nyeupe. La jikoni nipe rangi ya mafuta."

"Zote hizi ni za mafuta, mama," muuzaji akamjibu, akigonga makopo kwa kidole. "Wewe unataka rangi gani?"

"Nimeshakwambia. Ya mafuta."

Mimi na muuzaji tukatazamana. Tuliamini mama wa watu hajui kwamba rangi ya mafuta ni aina tu, kama ilivyo rangi ya maji. Mama hakubishana. Alitoa kikapuni chupa ya mafuta ya alizeti, akaiinua kuelekea mlangoni ili mwanga upite ndani yake.

"Hii hapa."

"Siku hizi jikoni watu wanapaka nyeupe," muuzaji akasema. "Ndiyo ya kisasa."

"Mwanangu, mimi nakaanga maandazi kila siku. Ukinipa nyeupe, baada ya mwezi itakuwa hii hii. Nimeamua kuitangulia."

Muuzaji akaanza kuchanganya njano kwenye kopo la nyeupe.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kulitazama kabati langu la jikoni, nililolipaka nyeupe mwaka jana kwa kujidai. Nyeupe imebaki upande wa ndani wa milango tu, ambako hakuna mgeni anayeangalia.