Mlingoti Ulipoanguka

Mtaani kwetu alikuwa Fundi Paka tu, kwa sababu alitembea juu ya mapaa kama wengine wanavyotembea sebuleni. Mabati ya bonde zima, sehemu kubwa aliyapigilia yeye. Ukimuuliza njia hakutajii barabara: "Lipite lile paa la kijani lililonivunja mbavu, halafu kata kushoto."

Aliishi na mama yake mzazi, bibi ambaye macho yake yalikuwa bado makali lakini miguu ilishagoma. Binti wa Fundi Paka, mjukuu pekee wa bibi huyo, alikuwa nesi nchi ya mbali. Simu kwetu zilishika kwa kubahatisha. Ukitaka kumwona mtu usoni ilibidi upande mlimani, na bibi angepandaje?

Ndipo mwanamke mmoja, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na mashine ya kusaga, akatuitisha kikao. Watu walishambatiza Mama Antena. Alisema shule ina waya wa intaneti na imekubali kugawana na sisi. Tuweke vifaa vidogo juu ya mapaa, kila kimoja kipokee na kumpasia jirani, mpaka bonde zima lifikiwe. Mtandao utakuwa wetu, na tutautunza wenyewe.

Fundi Paka alicheka mpaka akakohoa. "Kila nyumba ipokee halafu ipitishe? Mama, hapa hata jembe ukiazimisha halirudi!"

Kazi ya kuvifunga aliichukua hata hivyo, maana asingevumilia mtu mwingine atoboe mabati yake. Kila kifaa kilikuwa cheupe, hakizidi mche wa sabuni, na kila tundu la skrubu aliliziba kwa gundi ya mpira lisije likavuja. Vifaa vya nyumba karibu zote vilitazama kile cha mlingoti uliosimama juu ya tangi la maji, nao mlingoti ukatazama shule. Ila Mama Antena aling'ang'ania kifaa kingine kwenye karakana ya seremala, kule kwenye kona, na kingine zahanati.

"Hawa wote wanauona mlingoti," Fundi Paka alinung'unika. "Seremala wa nini tena?"

"Waonane na wao kwa wao, fundi. Funga tu."

Akafunga. Tangu hapo bibi akawa anamwona mjukuu wake kila akitaka, amekaa kitandani, simu imeegemezwa kwenye mto.

Alasiri moja ikaja mvua ya upepo. Fundi Paka alikuwa amejibanza kwenye kibanda cha Mama Antena. Wote wawili waliuona mlingoti ukiyumba, ukainama taratibu kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha ukaanguka na kugaragara kwenye matope.

"Basi," Fundi Paka akasema. "Tumekwisha."

Akatoka mbio mvuani. Alijua saa ile mama yake alikuwa akiongea na mjukuu, na hakutaka amkute peke yake na kioo cheusi mkononi. Alifika akihema, akasukuma mlango, akasikia kicheko.

"Funga mlango, baridi!" mama yake alimkaripia. "Huyu mtoto ananionyesha jiko lake."

"Baba, mbona umelowa hivyo?" sauti ya binti yake ikauliza kutoka kwenye simu pale kwenye mto.

Alisimama pale akichuruzika maji. "Mama, hamkukatika?"

"Aliganda kidogo, mdomo wazi kama samaki. Halafu akaendelea."

Fundi Paka aliinua macho darini. Aligeuka, akarudi kibandani na mvua ile ile.

Mama Antena alimgeuzia kompyuta. Kwenye kioo, nukta ya mlingoti ilikuwa nyekundu. Lakini kutoka nyumbani kwa Fundi Paka mstari ulikuwa umekwenda kwa seremala, kutoka kwa seremala ukaenda zahanati, na kutoka zahanati ukaingia shuleni.

"Umeupitisha wewe huko?"

"Sijagusa kitu."

"Sasa nani kaviambia?"

"Hakuna mkubwa humo ndani, fundi. Kila kimoja kinamuuliza jirani yake: wewe unamfikia nani? Mmoja akianguka, vinaulizana upya."

"Bila kikao?"

"Bila kikao."

"Bila mwenyekiti?"

Mama Antena aliangua kicheko. Fundi Paka hakucheka. Alikaa juu ya gunia, macho kwenye ule mstari. Mapaa yale aliyajua moja moja, lipi lina kutu, lipi mbao zake za kenchi zimeliwa na mchwa. Miaka yote aliyachukulia kuwa vitu vya kuzuia mvua. Na sasa hivi seremala alikuwa akipiga randa zake huko, hana habari kwamba kicheko cha bibi wa watu kinapita juu ya kichwa chake.

Mlingoti ulisimamishwa tena, na Fundi Paka ndiye aliyeufungia waya mpya za kuushikilia, nene kuliko za mwanzo. Lakini kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata ile mvua, seremala alisikia hatua juu ya karakana yake. Akatoka nje.

"Panavuja, fundi?"

"Hapavuji. Nimekuja kuangalia tu."

Alikuwa amechuchumaa kando ya kile kifaa, kiganja amekiweka juu yake. Kilikuwa na joto kidogo.

"Shuka basi tunywe chai."

"Nakuja," akajibu, na hakuondoa mkono.